Jino la Kila Mwezi

Hosiana Maduhu alifika machimbo ya Nyamalulu, upande wa Geita, na sufuria mbili na binti wa miaka minne. Sufuria zilikuwa za kuuzia wali. Binti aliitwa Wema. Mwaka uliofuata nesi wa zahanati aliwapima wote wawili, akawakuta wote wawili wana virusi vya ukimwi, naye Hosiana akalia siku moja, kisha akarudi kwenye sufuria kwa sababu wachimbaji walikuwa na njaa.

Alimeza dawa zake, akammezesha mtoto zake, wakanenepa. Baada ya miaka kadhaa zahanati ilimwomba awe mshauri wa wenzake. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye benchi la mlangoni kila Jumanne na kuwaonyesha waliopimwa karibuni kwamba mtu anaweza kuwa na virusi na bado akacheka kwa sauti.

Wachimbaji hawakai. Dhahabu ikisikika Kahama, Jumatatu kambi nzima imehamia Kahama. Hosiana hakuwazuia. Pale Nyamalulu, mtu akishuka duarani huacha kandambili zake mdomoni mwa shimo, ili walio juu wajue nani yuko chini. Aliichukua desturi hiyo akaileta kliniki. Kila aliyekuwa anahama alimwambia, "Niachie kandambili zako," na yule mtu akacheka, akaandikwa kwenye daftari: anakokwenda, namba ya simu, kliniki atakayochukulia dawa.

Halafu ukaja mwongozo.

Kamati ya wataalamu ilikuwa inaandika mwongozo mpya wa kutibu watu wazima na vijana, na ilitaka kila mstari usimame juu ya ushahidi. Kwa mwaka mzima Nyamalulu walikuwa wamejaribu jambo moja: aliyetulia na dawa alipewa za miezi mitatu kwa mkupuo, asirudi kila mwezi. Matokeo yalikuwa yamechambuliwa, na rasimu ikatoka. Hosiana alialikwa hotelini Kahama kwenye kikao cha kuipitisha, kwa kuwa fomu ya mahudhurio ilikuwa na nafasi ya mnufaika, mmoja. Kibao mbele ya kiti chake hakikuwa na jina. Kiliandikwa MNUFAIKA.

Aliifungua rasimu, akasoma ukurasa wa sabini na moja. "Wahamaji na vijana wasipewe dawa zaidi ya za mwezi mmoja."

Wema alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni Shinyanga, mwenye miaka kumi na saba. Kila mwezi aliomba ruhusa ya kwenda kuchukua dawa, na kwa kuwa hakutaka shule ijue, kila mwezi alisema anaumwa jino. Lilikuwa limeshauma mara kumi na moja. Matroni, Bi Raudha, alikuwa ameshapendekeza ling'olewe. Bwenini wenzake walimwita Meno, na mmoja akaanza kuuliza ni daktari gani wa meno anayetibu kwa kopo la vidonge.

Asubuhi ile ya kikao, Wema alikuwa ameazima simu.

"Mama, meno yameniishia."

"Vumilia kidogo, mwanangu. Miezi mitatu inakuja."

"Isipokuja naacha."

"Unaacha shule?"

"Naacha dawa."

Simu ikakatika. Hosiana aliingia ukumbini akiwa na sauti hiyo sikioni.

Mwenyekiti, Dokta Eustace, alikuwa mtu mpole aliyesoma mbali, na aliyependa neno ushahidi kuliko watu wengine wanavyopenda chai. Kando yake alikaa Ahmad, mtakwimu, aliyetandaza jedwali ukutani.

"Tuliowapa dawa za miezi mitatu Nyamalulu," Ahmad alisema, "arobaini na mmoja hawakurudi. Wengi ni wachimbaji na wanafunzi. Tumewaweka kundi la waliopotea."

"Inasikitisha," alisema Dokta Eustace. "Ila Kahama wametutia moyo."

"Sana. Kahama wamegundua wagonjwa wapya wengi ajabu mwaka huo huo. Wamepewa cheti."

Ukumbi ukapiga makofi. Hosiana alitazama jedwali la waliopotea, akatazama la wapya, akafungua daftari lake.

"Samahani, dokta. Hawa hawajapotea."

"Mama Mnufaika, karibu. Una ushahidi?"

"Nina daftari."

Dokta Eustace alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake, akaligeuza, akaona doa la mchuzi.

"Hili ni simulizi," alisema kwa upole. "Kwenye ngazi zetu za ushahidi, simulizi liko chini kabisa."

"Na aliyepotea mwenyewe akisema, anakaa ngazi ya ngapi?"

Ngazi hiyo haikuwepo.

Hosiana alitoka nje kwanza. Alimpigia Masalu, mchimbaji aliyeandikwa wa tisa kwenye daftari, akamweleza ukumbini kuna nani na wanataka nini, akamuuliza kama yuko radhi kusikika. Masalu alisema atafurahi, hajawahi kuhudhuria semina. Ndipo akarudi, akaiweka simu mezani, spika ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Masalu, wataalamu wanasema umepotea."

"Nani, mimi? Nipo Nyahanga, hapahapa Kahama, nakunywa uji."

"Dawa unakunywa?"

"Kila siku, mayu. Leo nimeshameza."

Ahmad akasogea karibu na simu. "Ndugu, sisi hatukuoni Kahama. Umeandikishwa kwa jina gani?"

"Unataka lipi? Ninayo matatu."

Ahmad akachukua kalamu.

"Nilipofika hapa niliomba dawa," Masalu aliendelea. "Wakasema leta barua ya uhamisho. Barua iko Nyamalulu, na mimi niko hapa, na vidonge vimebaki vinne. Nikatoa jina jingine, nikasema basi nipimeni. Wakanipima, wakanigundua. Nesi akanishika bega akanipa pole, na mimi nikainamisha kichwa ili nisimvunje moyo. Chato nako walinigundua. Huko walinipa na soda."

Mtu wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Ahmad alikuwa anaandika haraka, uso umeanza kumbadilika.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "waliopotea wetu na wapya wa Kahama..."

"Ni walewale," alisema Hosiana. "Kwetu kandambili zisipoonekana mdomoni mwa duara, hakuna anayelia. Maana yake mtu katoka, mzima, kaenda zake. Ninyi mmeona kandambili hazipo mkaandika msiba. Sasa kwa msiba huo mnataka kumfunga binti wa shule kamba ya mwezi mmoja. Ataikata, dokta. Ameshaniambia."

Dokta Eustace alivua miwani. Aliomba kikao kiahirishwe mpaka baada ya chakula. Wengine wakala kuku. Ahmad akakaa na daftari lenye doa la mchuzi, akipiga simu moja baada ya nyingine. Kufikia saa kumi alikuwa amewapata thelathini na sita. Mmoja alikuwa amefariki, kwa kuangukiwa na kifusi. Wanne hawakupokea.

Mstari ulibadilishwa: miezi mitatu kwa kila aliyetulia na dawa, awe anahama au hahami, mtu mzima au kijana. Chini ya ukurasa ushahidi ulitajwa kuwa "Mawasiliano ya simu na waliopotea." Cheti cha Kahama hakikurudishwa, kwa sababu kilikuwa kimeshawekwa kioo.

Nakala iliyochapishwa ilifika zahanati ya Nyamalulu, moja. Kwa kuwa ilikuwa ya thamani ilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda semina ya kufundishwa namna ya kuitumia. Hosiana hakumsubiri. Alikuwa ameshaunakili mstari wake kwa mkono, na Jumatatu alipanda basi la Shinyanga, akamwombea Wema ruhusa ya jino, la kumi na mbili.

Nesi wa kliniki ya huko alihesabu vidonge vya mwezi mmoja.

"Ukurasa wa sabini na moja," Hosiana alisema, akafungua daftari dirishani. "Mstari wa tatu kutoka chini."

Nesi alisoma. Alimpigia mkubwa wake, akasikiliza, akaitikia ndiyo mara mbili. Kisha akaongeza makopo mawili.

Nje, Wema aliyafunga kwenye kanga, akayaweka chini kabisa ya begi la madaftari. Alimshika mama yake mkono mpaka getini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la sita.

Mwezi uliofuata Bi Raudha alipiga simu.

"Mama Wema, hali yako? Nimeona mtoto hajaomba ruhusa. Lile jino vipi?"

"Limetulia, matroni."

"Wamelitoa?"

"Hapana," alisema Hosiana. "Wamelipa miezi mitatu."

Upande wa pili Bi Raudha alisikika akifunga mlango wa ofisi.

"Basi vizuri," alisema. "Nitawaambia wale wasichana waache kumwita Meno."