Jini Nisilokuwa Nalo

Wazee wangu, shikamooni. Naitwa Mwanaidi, wa kijiji cha Bweni, nipo kidato cha tatu. Leo nimeombwa niseme. Sijazoea, huwa naombwa ninyamaze.

Nilipokuwa mdogo, utundu wangu uliwachekesha watu. Madrasa nilihifadhi sura haraka kuliko wenzangu, ila kukaa kitako, hapana. Nilipovunja ungo hakuna aliyecheka tena. Darasani miguu ilinitikisika mpaka dawati likalia. Nilitafuna kucha hadi damu. Usiku usingizi hauji, asubuhi kichwa kizito, mwalimu anaongea nami nasikia neno la kwanza na la mwisho.

Siku moja Mama alianika mwani, akaniambia nikiona wingu niuanue. Nikawaona watu wanachokoa pweza, nikawafuata. Mvua ikanyesha, mwani wote ukaharibika. Mama alilia. Bibi akasema, "Huyu kapandwa na jini la baharini, si bure."

Basi nikanyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, nikafukizwa ubani hadi nikatapika. Hayo niliyastahimili. Lakini habari ilienea, na Zuhura, rafiki yangu tangu chekechea, akakatazwa na mama yake kukaa nami, jini lisije likamhamia. Madrasa nikawa na mkeka peke yangu. Shuleni, wakati wa mapumziko, nilijificha nyuma ya vyoo nikizungumza mwenyewe, na walioniona wakazidi kuamini. Hata mimi niliamini. Nilikuwa naliomba hilo jini linijibu, angalau nipate wa kuongea naye.

Mwalimu wangu mmoja ndiye aliyemsihi Mama anipeleke hospitali, Kilindoni. Daktari alituhoji sana, kisha akasema, "Hii inaitwa ADHD. Ubongo wake unapata tabu kutulia na kushika jambo moja. Si utovu wa adabu."

Mama akauliza, "Na jini je?"

"Mimi sijaliona, mama."

Akatuelekeza kwenye kikundi cha vijana wenye hali hii, kinachokutana hapo hospitali kila Jumamosi. Siku ya kwanza muuguzi anayetuongoza aliuliza nani amewahi kunyweshwa kombe. Mikono yote juu! Tulicheka mpaka machozi, na yangu hayakukoma upesi. Pale nimejifunza kusoma kidogo kisha kutembea, na kumwambia mwalimu mapema nikianza kuzidiwa. Mama naye amejifunza kunigusa bega kwanza, halafu ananituma jambo moja tu.

Haijaisha, ila naimudu. Barabara ikiharibika kwa mvua sifiki Kilindoni, na Bweni niko peke yangu vilevile. Zuhura nikimsalimia anaitikia huku anatembea. Inaniuma kila mara.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, na wenzangu hawa wa kikundi. Wazazi, mtoto asiyetulia mpelekeni hospitali. Dua mwombeeni, hakuna ubaya. Lakini msiwakataze wenzake kukaa naye. Kutotulia nimekuweza. Kuogopwa bado kunanishinda.