Karoli Mkwezi na Mashine ya Moyo

Karoli alikuwa mkwezi wa michikichi, na jamani, mkwezi kwelikweli. Kazi alijifunzia Kigoma, wazazi wake walipokuwa wakimbizi. Aliporudi Burundi hakuja na shamba wala ng'ombe. Alikuja na mkanda wa kukwelea na miguu isiyojua kuteleza. Kuanzia Kigwena hadi Rumonge mjini, mwenye mchikichi mrefu uliokimbiwa na vijana alimwita yeye. Umri miaka hamsini na miwili, na bado anaitwa.

Lakini tangu Pasaka moyo ulikuwa unamfanyia vituko. Akifika juu unaruka, unakwama, halafu unatimka kama mbuzi aliyekata kamba, na macho yanaingia giza. Mara mbili alikumbatia mti mpaka giza likapita. Aliogopa. Asikudanganye mtu kwamba mwanamume haogopi; Karoli aliogopa mpaka chakula kikamshinda.

Mkewe, Beatrisi, akamkokota hadi kituo cha afya. Muuguzi Chanceline, Mkongo mwenye maneno mengi, akambandika vidude vitano kifuani, nyaya zake zikaingia kwenye kimashine kisichozidi kipande cha sabuni.

"Papa Karoli, mashine ya zamani inapima moyo dakika kidogo tu, na weye umelala. Hii ya mupya unaivaa muchana na usiku, inaandika kila pigo. Ufanye kazi yako yote. Ukwee! Moyo iko mujanja, ukilala inajificha."

"Na mkikuta moyo una kasoro?"

"Dawa tutatafuta, papa. Lakini kukwea, basi."

Loo! Neno hilo likamkaa rohoni. Asipokwea, yeye ni nani?

Siku hiyohiyo Beatrisi alipanda gari kwenda msibani Nyanza-Lac. Karoli akarudi nyumbani, akajilaza. Hakugusa mti, hakubeba hata ndoo ya maji. Alikunywa uji, akasali, akapumua polepole mpaka kesho yake. Mtu mzima na mvi zake, anaihadaa mashine!

"Ulikwea?" Chanceline alimuuliza alipokuwa akimvua nyaya.

"Nilikwea," alijibu, macho makavu.

Baada ya siku tatu karatasi ikatoka. Normal, yaani moyo hauna kasoro. Beatrisi akapiga vigelegele palepale mlangoni, na Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya mume wake. Watu wakapiga makofi. Karoli akainamisha kichwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na methali hiyo aliijua tangu utoto. Mwanzo aliogopa mashine itamzuia. Sasa aliogopa kwa sababu hakuna wa kumzuia tena.

Jumatatu akaitwa kwa mzee Melkiades, kwenye mchikichi mrefu kuliko yote. Angekataa aseme nini, na kanisa zima limesikia amepona? Akafunga mkanda, akakwea. Beatrisi alikuwa chini na kikapu, akiokota chikichi zilizotawanyika, akiimba pambio la Jumapili.

Kichala cha kwanza kikaanguka. Cha pili. Moyo ukaruka, ukakwama. Panga likamponyoka, likachoma udongo hatua mbili kutoka kwa mkewe.

"We Baba Heri! Unataka kuniua?"

"Mama Heri, toka hapo chini!"

"Kuna nini?"

"Toka! Ile karatasi ni ya uongo. Sikukwea siku ile. Nililala ili mashine isione kitu. Naona giza. Nikianguka nitakuangukia."

Kikapu kikamdondoka Beatrisi. Karoli alibana shina kwa mapaja na kwa mikono, shavu limegandamana na magome, akisubiri kusikia miguu ya mkewe ikikimbia.

Haikukimbia. Ilikuja mpaka kwenye shina. Beatrisi, mwanamke asiyemfikia mumewe hata begani, alikuwa ameinua mikono yote miwili.

"Shuka, Baba Heri," alisema. "Polepole. Nipo hapa."

"Nimesema toka!"

"Sitoki. Shuka."

Karoli akafumba macho, akateremsha mguu mmoja.