Fomu Moja ya Nyumba ya Maisaka

Tarehe sita Machi 1984 nilimpoteza mume wangu. Aliugua siku nne tu. Alikuwa dereva wa serikali, na gari lake lilikuwa limekaa juu ya mawe miezi saba likisubiri matairi, kwa hiyo watu walinifariji kwamba angalau hakufa barabarani. Tulimzika kwao, kwenye mteremko wa Dareda. Misumari ilikuwa haipatikani. Fundi wa jeneza alinyoosha ya zamani, mmoja mmoja, juu ya jiwe, nasi tukakaa tukimsubiri amalize.

Niliporudi Babati baada ya matanga nilikuta barua imepenyezwa chini ya mlango. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kazi yake, na nilitakiwa kuihama kabla ya mwisho wa Mei. Nilikuwa na watoto watatu, cherehani isiyo na uzi, na nyumba nyingine ambayo haijawa yangu.

Nyumba hiyo ilikuwa Maisaka. Mume wangu aliinunua kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akihamia Singe kwa mwanawe. Malipo yalikwisha, mashahidi walikuwepo, ila fomu ya ofisi ya ardhi ilibaki kutiwa sahihi ya mnunuzi. Maisaka ile ilikuwa mitaa ya familia za siku nyingi. Uzio wa minyaa ulimzidi mtu urefu, na mtoto wa nyumba hii alinyolewa nyumba ile bila mama yake kuulizwa. Mume wangu alipapenda kwa sababu hiyo. Mimi nilipapenda kwa sababu ya jiko, lilikuwa na dirisha.

Februari, kabla hajaugua, karani wa ardhi alikuja kuhesabu mali. Alitueleza kwamba ardhi ni ya taifa na haiuzwi, kinachouzwa ni kilicho juu yake. Akahesabu nyumba, choo, miparachichi miwili, migrivea kumi na mmoja na migomba.

"Na kivuli?" mume wangu akamuuliza. "Si nacho kiko juu ya ardhi?"

Karani alifikiri kabisa. "Kivuli kinahama," akasema, akaendelea kuandika.

Mume wangu alicheka mpaka akashika mti. Huo ndio mcheko wake wa mwisho ninaoukumbuka vizuri.

Aprili nilikwenda kwa karani yule nikiwa na kaniki yangu nyeusi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa pole, akanivutia kiti.

"Naomba fomu nyingine," nikamwambia, "niandike jina langu."

"Fomu hakuna, mama."

"Zitakuja lini?"

"Karatasi hakuna. Karatasi zikija, wino hakuna. Hii ya marehemu ndiyo ilikuwa ya mwisho wilaya nzima. Tunaifungia kabatini."

"Basi kata jina lake, uandike langu."

"Fomu iliyokatwa haipigwi muhuri."

Akaitazama fomu, akautazama mlango, kisha akasogeza kidau cha wino karibu yangu.

"Hapa wameandika sahihi au dole gumba," akasema kwa sauti ya chini. "Weka dole gumba."

"Langu?"

"Dole gumba halina jina, mama."

"Lakini hapo juu pana jina lake."

"Ndiyo. Jina lake, dole lako. Kanisani si waliwaambia ninyi ni mwili mmoja?"

"Mpaka kifo," nikamwambia.

Akakifunga kidau.

Nilirudi nyumbani bila nyumba. Wiki ile ile walikuja wageni wawili kutoka Maisaka. Mmoja alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwanamume mrefu aliyetembea na daftari kwapani hata anapokwenda kisimani. Mwingine alikuwa mama wa nyumba iliyopakana na ile yetu. Walikaa, wakanywa uji usio na sukari, wakasifu uji. Kisha balozi akaeleza shida yake. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kumi katika daftari lake, na sasa ilikuwa tupu. Mgao wa sukari ulikwenda kwa nyumba zenye watu. Ameambiwa kwamba akibaki na nyumba tisa, wataunganishwa na balozi wa ng'ambo ya mtaro.

"Na yule wa ng'ambo," akasema yule mama, "sukari ikifika kwake inayeyuka kabla mvua haijanyesha."

"Usiseme hivyo, ni kiongozi mwenzangu," akasema balozi.

"Nimesema inayeyuka. Sijasema anailamba."

Walikwisha kusikia habari za dole gumba. Karani alikuwa mpwa wa balozi.

"Mwenzangu," mama yule akanishika goti, "ni dole tu. Ungesema tumekuja kukuomba mkono mzima. Mimi nimemwekea mume wangu dole mara ngapi, na yuko hai, amelala tu."

"Hilo mimi sijalisikia," akasema balozi, akalihamishia daftari kwapa la pili.

Niliwaambia nitafikiri, na kweli nilifikiri. Sitajifanya mtakatifu. Walipoondoka nilipaka masizi ya chungu kwenye dole gumba nikalibandika pembeni mwa gazeti kuukuu. Nikalitazama. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne na sahihi yangu ninayo, naijua. Alama ile haikufanana na mtu yeyote. Karatasi ya nyumba ndiyo ingekuwa karatasi ya mwisho yenye jina la mume wangu, na sikutaka iwe ya uongo. Gazeti nikawashia moto.

Mei ikaingia na mvua. Dereva mpya alikuja na mkewe kuitazama nyumba ya kazi tukiwa bado ndani. Mke alikuwa na kamba ya kupimia madirisha.

"Endelea tu na kazi zako, dada, hatuna haraka," akaniambia, akanipita kwenda kupima upande wa kitanda changu. Alimwomba mwanangu amshikie ncha ya kamba. Mwanangu akaishika, maana tulimfundisha kutii wakubwa.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya ardhi asubuhi, nikaomba fomu na kalamu. Karani akafurahi, akafungua kabati, akafungua na kidau. Sikukigusa. Penye nafasi ya sahihi ya mnunuzi niliandika kwa herufi ndogo ili zitoshe: Mnunuzi amefariki. Mimi mke wake nimeipokea nyumba hii kwa ajili yangu na watoto wake. Nikatia sahihi yangu.

Karani alisoma, akakaa chini.

"Mama, umeniulia fomu."

Ilibidi aipeleke kwa mkuu wake, na mimi nikamfuata nikaseme mwenyewe. Mkuu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliigeuza fomu mbele na nyuma.

"Kuna kilichokatwa?"

"Hakuna, mzee," akasema karani.

"Nafasi zote zimejazwa?"

"Zimejazwa. Ila, mzee, hapo kwenye mnunuzi..."

"Nimeuliza kama zimejazwa."

"Zimejazwa."

Mzee akaupumulia muhuri mara tatu, maana wino ulikuwa umekauka, akaugandamiza kwa mikono miwili akiwa amesimama. Ulitokea nusu. Siku tatu baadaye tulihamia Maisaka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nilisimama jikoni nikatazama nje kupitia dirishani mpaka watoto wakalalamika njaa.

Balozi alinakili daftari lake kutoka kwenye fomu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi alituita uwanjani kwake, akasoma wakuu wa kaya mmoja mmoja. Alipofika nyumba ya kumi akasoma jina la mume wangu, jina zima, na la babake.

Watu wakanigeukia.

"Hayupo?" akauliza balozi, akiandika.

"Hayupo," nikasema.

"Ana udhuru?"

"Anao!" akajibu yule mama jirani kabla yangu.

"Aandikwe udhuru."

Baada ya kikao nilimwomba aandike jina langu. Akasema daftari linafuata fomu, na fomu inasema mnunuzi ni yeye.

"Inasema pia amefariki."

"Ndiyo, na hilo nimelizingatia. Ndiyo maana sijamtoza faini."

Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Kila mwezi mume wangu aliitwa, na kila mwezi aliandikwa udhuru. Dukani muuzaji aliita jina lake kwenye foleni, nami nikasogea na mfuko. Mara ya kwanza nililia, nikapewa sukari huku nalia. Ulipokuja msaragambo, kazi ya mtaa mzima ya kuchimba mtaro, yeye alipangiwa hatua sita, mimi sikupangiwa kitu. Nilizichimba zote sita kwa jembe lake. Balozi alipopita kukagua alisema kazi ni nzuri, mfikishie salamu.

Fomu zilikuja mwaka uliofuata, wakati wa mahindi mabichi. Karani mwenyewe aliniletea moja kwa baiskeli, ameificha ndani ya shati isilowe. Alihesabu upya. Mparachichi mmoja ulikuwa umeanguka, akauandika umeanguka. Nafasi ya mnunuzi nikaandika jina langu, chini yake sahihi. Mzee wa miwani aliigonga muhuri, nao ulitokea wote.

Jumamosi iliyofuata balozi alisoma nyumba tisa. Akatoa rula mfukoni, akapiga mstari juu ya jina la mume wangu, taratibu.

"Usitoboe karatasi," akasema mama jirani.

Hapakuwa na mstari mtupu, akaandika la kwangu juu yake kwa herufi ndogo. Akalisoma.

"Nipo," nikasema.

Akaweka alama, akafungua ukurasa wa pili, tukaanza kuzungumzia mbuzi wa nyumba ya tatu wanaokula minyaa ya watu.