Gunia la Mwisho la Marehemu

Lori lilikuwa limeshaanza kuuacha mji, nami nimejilaza juu ya magunia ya saruji, nilipoiona sura yangu ukutani.

Kubwa. Kwenye bango, nje ya ukumbi mpya. Chini yake wameandika: MAONYESHO YA KUMKUMBUKA MAREHEMU.

Nikagonga paa la dereva. Akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini.

"Nishushe hapa. Nimekufa."

Akaniangalia mimi, akaliangalia bango, akaniangalia tena.

"Basi shuka polepole, marehemu, usije ukafa mara ya pili."

Lori likaenda zake na blanketi langu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Mimi ni mchoraji. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, lingine mji ule. Kuchora nilijifunzia kwenye mabango ya vinyozi na maduka. Nina tabia mbili ambazo hazijanitoka mpaka leo. Ya kwanza, sichori kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Ukiniambia nichore simba, nitakuuliza yuko wapi. Ya pili, picha ikikauka naishona ndani ya gunia, kwa sindano kubwa na uzi wa katani, maana vumbi na mvua za barabarani hazina adabu.

Nilikuwa na mwenzangu. Tulimwita Msafi, kwa sababu miaka yote ile ya kupaka rangi hakuwahi kuchafuka hata ukucha. Mimi nilichora, yeye aliongea na wateja. Mdomo ule ungeweza kumuuzia kinyozi nywele zake mwenyewe.

Miguu yangu ilipoanza kuwasha kwa hamu ya barabara, nikaondoka. Picha zangu, ndani ya magunia yake, nikaziacha kwa dada yangu mdogo. Kwa mama yetu tuko wawili tu.

Safari hii lori lilisimama mjini kupakia tu. Nilipanga kumwona dada nikirudi. Kumbe mwenyewe alikuwa kwenye shughuli yangu.

Nikaingia nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikasimama nyuma kabisa. Kuta zote zilikuwa picha zangu, chini ya taa nzuri. Mbele amesimama Msafi, suti ya zambarau, kipaza sauti mkononi. Anasimulia nilivyokufa.

Nilikufa vizuri, lazima niseme. Homa, kijiji cha mbali, kichwa changu kwenye mapaja yake. Alieleza hata alivyonifumba macho. Mama mmoja karibu yangu alilia kwa kwikwi, nusura nimwazime leso.

"Maneno yake ya mwisho," Msafi akasema, akashusha pumzi. "Alinishika hivi, akaniambia: Ndugu yangu, kuanzia leo mikono yangu ni yako."

Damu ikanichemka. Sina nyumba, sina shamba, sina mtoto. Picha zile ndizo maisha yangu. Mtu huyu amenizika mzima ili abaki nazo, na jina langu juu. Nikaanza kusogea mbele nikamvunje taya.

Kitu kikanifinya mkono, finyo la kutoa machozi.

Dada yangu. Alikuwa kiti cha mbele, na sikumwona akija.

"Nje," akasema bila kufungua meno.

Nje alinipiga kofi. Kisha akanikumbatia. Kisha akanipiga jingine.

Akanieleza yote. Msafi alimjia analia, amebeba shati langu kuukuu lililobaki kwake tangu enzi za mabango, akasema ndilo nililokuwa nimevaa nikifa. Dada alilia mpaka sauti ikakauka. Ndipo Msafi akaondoka na magunia, eti kwenda kunienzi.

Nikamwambia turudi ndani nikajioneshe.

"Ujioneshe na hizo kandambili?" akaniuliza. "Atawaambia wewe ni kichaa wa sokoni, wakukokote nje. Mdomo wake unaujua. Hapana, kaka. Machozi yangu hayawezi kwenda bure. Huyu tutamla taratibu."

Sijawahi kumwona dada yangu na macho yale. Nikajua sasa nimepata mwenzangu wa kweli.

Akanificha chumba cha uani, nikachora. Niliyoyaona njiani: wapakia mizigo, kivuko, wanawake wanaochimba chumvi. Kila picha nikaishona ndani ya gunia, dada akalivingirisha vumbini na kulipiga mateke kidogo lizeeke. Kisha anampelekea Msafi habari: nimepata jingine, lilikuwa darini.

Msafi anakuja mbio kama ameitwa mezani.

Na hapo ndipo alipojichongea. Aligundua watu wanapenda kuona gunia likifunguliwa. Basi akaacha kuyafungua peke yake. Anaita wageni, anasimama na wembe, anakata uzi mmoja mmoja, anajifanya kutetemeka. "Hata mimi sijui humu mna nini," anawaambia, na kweli hakujua. Kisha lazima atoe lile neno lake: "Kumbukeni, marehemu hakuchora asichokiona kwa macho yake."

Watu wanapiga makofi.

Dada akirudi ananisimulia, nami nachanganya rangi huku nacheka peke yangu. Hasira ikipewa kazi ya kufanya, haichoki kama mwili.

Gunia la mwisho lilikuwa kubwa kama mlango. Dada akamwambia baada ya hilo hakuna tena. Msafi akajaza ukumbi mpaka watu wakasimama barabarani.

Nami nilikuwa nyuma, pale pale, na kofia ile ile.

Akakata uzi. Akashika kipaza sauti, akatoa neno lake kuhusu marehemu na macho yake. Akalivuta gunia kwa mbwembwe, akabaki amewageukia watu, mikono juu, picha mgongoni kwake, anasubiri makofi.

Makofi hayakuja.

Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miwani, ambaye hakukosa maonyesho hata moja. Akasogea mpaka karibu. Akaitazama picha, akamtazama Msafi, akaitazama suti yake.

"Samahani, baba," akasema. "Huyu si wewe?"

Msafi akageuka.

Ni yeye. Suti ya zambarau, kipaza sauti, mdomo wazi. Ukutani nyuma yake, maneno ya kumkumbuka marehemu. Kiti cha mbele, kisogo cha dada yangu. Na juu kabisa ya picha, ukingo wa kofia, kama unavyouona ukiwa umeivaa.

"Haya ni maonyesho ya kwanza," mwalimu akaendelea, kwa sauti ya darasani. "Mimi nilikuwepo. Sasa marehemu aliyaonaje?"

Nikavua kofia. Nikapita katikati ya watu.

Msafi ni Msafi. Hakuchelewa hata kidogo. Akafungua mikono, machozi tayari. "Ndugu yangu! Uko hai!"

Nikamwacha anikumbatie. Nilitaka kila mtu aone. Kisha nikamnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, ukumbi mzima ukasikia.

"Nimefuata mikono yangu."

Wengi waliniambia nimsamehe. Sikumsamehe, na nalala vizuri. Wewe unayechora, unayechonga, unayeimba, simama karibu na kazi yako. Usimwachie mwenye mdomo mtamu akusemee, hata kama wewe una kigugumizi.

Picha zilizokuwa ukutani zilirudi kwangu. Waliokuwa wameshanunua kwa Msafi niliwafuata majumbani, nikaandika jina langu nyuma ya kila picha, na chini yake neno moja: hai.

Mimi na dada tulichukua karakana ya seremala aliyehama. Mimi ndiye msimamizi wa maonyesho. Wachoraji wa hapa hutundika kazi zao kwa sharti moja, mwenyewe asimame kando ya picha yake, anapumua. Dada hukaa mlangoni na kuwafinya wanaogusa rangi. Mwalimu huleta darasa lake. Dereva wa lori akipita hupiga honi. Blanketi hakurudisha.

Ukumbi wa Msafi sasa ni stoo ya magodoro. Yeye anauza mapazia mtaa wa pili. Watoto wakimwona hujilaza chini na kujifanya wamekufa.

Alikuja mara moja tu, kuniomba ile picha ya suti niitoe ukutani. Nikamwambia nitaitoa siku atakapokufa. Kweli kweli.