Bawa la Ndege ya Marvin

Mama wa miaka hamsini na kitu aliniletea ndege ya rimoti imefungwa ndani ya leso, kama mtoto mchanga.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Na hizi ndege za foam nimezitengeneza miaka mingi hapa Sarang'ombe.

"Wewe ndiye Ambrose?"

"Ni mimi, mathe. Karibu."

Akafungua leso. Bawa lilikuwa limekatika katikati.

Akatoa karatasi, akasoma polepole kama mtu anasoma dawa. "Bawa liunganishwe. Liongezwe unene. Ncha zote mbili zinyanyuke vidole vinne."

Maze, nilishtuka. Hayo si maneno ya kuokota barabarani. Bawa la hivyo linatuliza ndege hewani. Hata ikiinama, inajirudisha yenyewe, na inatembea polepole kama mzee ametoka kanisa.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu," akajibu bila kuniangalia. "Na usiambie mtu. Nitaichukua Jumamosi."

Jina akasema Filister. Anauza samaki wadogo wa omena mtaa wa Kawangware 46. Kisha akaenda zake.

Nikaanza kazi. Nikabandua seloteipu kuukuu pale palipovunjika. Chini yake kulikuwa na herufi M, imechomwa kwa chuma moto.

Nikaweka ndege chini.

Hiyo M naijua. Ni ya Marvin, beshte yangu. Tulikuwa tunarusha ndege pamoja kila Jumapili. Miezi minane iliyopita alipotea tu. Simu imezimwa, nyumba yake ina mpangaji mwingine.

Sasa ndege yake iko na mama wa omena anayeogopa kuangalia mtu machoni?

Nikapiga picha, nikatuma kwa grupu yetu ya WhatsApp: "Hii ni ndege ya Marvin. Aliyeileta anaficha kitu."

Ndungu, mmoja wetu, akajibu haraka. "Huyo anajua Marvin alienda wapi. Asiondoke."

Bawa nilimaliza. Nikapitisha chuma cha mwavuli ndani yake kama uti wa mgongo, nikapaka glu, nikapandisha ncha. Kazi safi.

Jumamosi saa sita mchana mathe akafika. Ndungu, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia la kibanda changu, akatoka akamshika mkono.

"Hii ndege umetoa wapi?"

"Niachilie!"

Mtu huko nje akasikia kelele, akapaza sauti: "Mwizi!"

Wasee, mnajua hilo neno linafanya nini mtaani. Dakika mbili tu, mlango umejaa watu. Mmoja tayari ameokota jiwe.

Na mimi ndiye nilianzisha.

Nikasimama mlangoni. "Hakuna mwizi hapa! Huyu ni mteja wangu!" Yule wa jiwe akaliangusha, watu wakaanza kutawanyika.

Filister hakulia. Alisema tu, "Twendeni kwa mwenye ndege, basi."

Mimi na Ndungu tukaenda naye hadi Kawangware 46, chumba cha mabati nyuma ya kinyozi. Mlangoni ameketi Marvin. Amekonda.

"Mathe, umekuja na nani?" akauliza.

Tulikuwa tumesimama mbele yake.

Ndungu akageuka akaangalia ukuta.

Ilikuwa presha ya macho. Ilichukua jicho moja, kisha la pili. Filister ni mamake, ambaye hatukuwahi kukutana naye. "Alinikataza kuwaambia. Hakutaka mumuonee huruma," akasema mama.

"Sasa ndege ni ya nini?" nikauliza, kama mjinga.

"Ananifundisha kurusha," akajibu Filister.

Alasiri hiyo, uwanjani Riruta Satellite, nikajionea. Mama ameshika rimoti, ulimi nje kama mtoto anaandika. Mwana yuko nyuma yake, ameinamisha kichwa, anasikiliza mota.

"Inalia sana, mathe, unapanda wima. Shusha. Haya, kushoto kidogo... Ambrose, hilo bawa limetulia. Nasikia."

Nikamsogelea, nikasimama kando yake.

Marvin alinisamehe siku hiyo hiyo. Mamake bado. Nikienda kwa meza yake ananipimia omena, ananifungia, na salamu yangu inabaki hapo hapo mezani. Simlaumu.

Ukimshuku mtu, keti naye umuulize mpaka uelewe. Ukianza kwa kuwaambia wengine, hilo neno halirudi tena mdomoni. Linaweza kumfikia na jiwe kabla wewe hujamfikia na samahani.