Droo ya Mgonjwa Aliyetangulia

Hospitalini walimwita Fundi Nyuzi, na wapo waliomletea suruali za kupunguza wakidhani ni mshonaji. Kumbe nyuzi zake zilikuwa ndani ya programu ya maabara, aliyoiandika kwa lugha ya C. Kila uzi, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, ulimhudumia mgonjwa mmoja, nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, na kila uzi ulikuwa na droo yake ya kuwekea taarifa za mgonjwa, ambayo uzi mwingine hauigusi. Ukimaliza kazi unakufa, na droo inafutwa.

Juzi, kwa kutaka sifa tu, akaiongezea programu kasi. Nyuzi zisife tena. Zikimaliza mgonjwa zipokee mwingine. Mkuu wa maabara akampongeza mbele ya watu. Lo, siku mbili hizo mwanamke alitembea kichwa juu, utadhani kaolewa upya.

Leo saa nne asubuhi alikuwa anaipitia kazi yake huku anakunywa chai, mara akakiweka kikombe chini. Uzi usipokufa, droo anaifuta nani? Hakuna. Basi mgonjwa ambaye kundi lake la damu halijaandikwa atapewa la yule aliyetangulia! Alifungua orodha akamkuta mama mmoja wa dharura, yuko chumba cha upasuaji, damu yake haijapimwa, na kwenye skrini kundi A limekaa kimya kabisa.

Alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikamvuka, asikirudie. Muuguzi wa mlangoni akamwambia asubiri, ndani wana kazi. Alijua akisema kibarua kitaota nyasi, na akinyamaza mtu atakufa.

"Dada, msimwekee hiyo damu," alisema. "Kosa ni langu. Programu inadanganya."

Muuguzi alimtazama, kisha akaingia bila kuuliza. Dakika zile zilikuwa ndefu jamani. Alitoka na mfuko wa damu mkononi, haujafunguliwa bado. Walipompima yule mama wakakuta ni kundi O.

Fundi Nyuzi alikaa pale pale sakafuni akimshukuru Mungu. Mkuu wa maabara alikuwa amefika, na wala hakumgombeza. Alichuchumaa karibu yake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mdogo wangu, na wale wa juzi na jana?"