Maziwa Mekundu

Silvana wa mtaa wa Izia hakuwa mtu wa kuamini rangi. Miaka sita alisafisha picha katika chumba cha giza cha mjomba wake, na kompyuta ya mtumba ilipoletwa kutoka Tunduma, ni yeye aliyeielewa. Kabla ya kugusa rangi ya picha yoyote, hutafuta kwanza kitu anachokijua: shati la shule, meno, unga. "Mtu ana sababu ya kudanganya," husema. "Unga hauna."

Jumatano akaingia studio Timoth, mkulima wa ulezi, na picha ndani ya Biblia: mkewe Coleta akikamua ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nikuzie picha hii, binti, iwe kubwa. Kesho naipeleka barazani."

Mtaa mzima ulijua kesi hiyo. Mboje, Msukuma mfugaji, alidai ng'ombe mwekundu aliye zizini kwa Timoth ni wake, alipotea masika ya mwaka huu. Timoth akaapa amemlea tangu ndama, na picha ya miaka minne anayo.

Silvana akainusa. Moshi.

"Ilikuwa juu ya jiko," Timoth akawahi kusema, kabla hajaulizwa.

Moshi wa miaka minne, au wa wiki? Akaiingiza kwenye kompyuta. Kwenye kioo chake kila kitu kilikuwa chekundu: ng'ombe, majani, hata maziwa ndani ya kibuyu. Silvana akapeleka mshale kwenye maziwa, akabofya kuiambia kompyuta kwamba hapo ni peupe. Maziwa yakawa meupe. Majani yakawa kijani. Ng'ombe akawa wa kijivu, kama majivu.

"Mrudishe," Timoth akasema.

"Nani, baba?"

"Ng'ombe. Alivyokuwa."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Kwani ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ila wewe maziwa mekundu uliwahi kuyanywa?"

Timoth akacheka, macho hayakucheka. "Mashine inayogeuza maharusi wawe Wazungu, leo imeokoka?"

Ilimchoma Silvana. Jumamosi iliyopita alimng'arisha bibi harusi mpaka mama mzazi akauliza huyu nani.

"Bibi harusi hapelekwi barazani," akajibu. "Nitatoa hii yenye maziwa meupe. Nyingine katafute Mbeya."

Timoth akairudisha picha ndani ya Biblia, akatoka bila kuaga. Kesho yake alifika barazani mikono mitupu.

Jumamosi Mboje akapita akimswaga ng'ombe wake mwekundu. "Dada, tupige picha, mimi na huyu."

Silvana akamtazama yeye, akamtazama ng'ombe. Hata huyu hakumwamini sana.

"Subiri, mzee. Shika kwanza karatasi hii nyeupe."

"Ya nini?"

"Ya siku mtakayogombana tena."